Sura za Kale kwa Wino Mpya

Mwaka 1984 Andy Warhol, mchoraji wa Kimarekani ambaye jina lake lilikwisha kuvuma duniani kwa picha za mikebe ya supu na nyuso za waigizaji wa sinema, aliichukua mojawapo ya picha adhimu kabisa za Italia, Kuzaliwa kwa Venus, iliyochorwa na Sandro Botticelli takriban mwaka 1485, akaitupa nje bahari yake, akalitupa nje kombe kubwa ambalo mungu yule wa kike amesimama juu yake, akazitupa pepo zinazompulizia kutoka upande mmoja na mwanamke anayemngojea kwa joho upande wa pili, akabakiza kichwa tu na nywele zake zinazopeperuka. Uso ule ambao Botticelli aliupaka rangi za upole, wenye huzuni kidogo na haya kidogo, yeye aliuchapa kwa waridi kali, kwa buluu, kwa rangi ya chungwa na kwa weusi, katika namna nne zisizofanana, kila namna nakala 70, juu ya karatasi nzito ambazo upana wake wapita mita moja. Mtu aliyezoea kuingia katika jumba la Uffizi mjini Florence na kusimama mbele ya picha ya asili, yenye upana wa karibu mita 2.8, huitazama kazi hii ya Warhol kwa mshangao uliochanganyika na ghadhabu. Na mtu asiyepata kufika Florence maishani mwake huitazama akasema kwamba mwanamke huyu anamjua. Huyu wa pili ndiye hasa anayetuhusu.

Kazi za namna hii ni nyingi. Sanaa ya popu, ambayo ilichipuka Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na kustawi katika miaka ya 1960, ilichukua maudhui yake katika matangazo ya biashara, magazeti, hadithi za katuni na bidhaa za madukani, na mtu angetazamia kwamba wasanii wake, wakiwa wameyapa kisogo majumba ya makumbusho na unyenyekevu wake wote, wasingegeuka tena nyuma kuwatazama mabwana wa zamani. Waligeuka. Warhol aliwachukua Leonardo da Vinci, Paolo Uccello na Edvard Munch. Roy Lichtenstein alimchukua Claude Monet. Richard Hamilton, Mwingereza, alichapa mwaka 1973 picha ya wanawali wa jumba la mfalme wa Uhispania iliyochorwa na Diego Velázquez mwaka 1656, lakini mahali alipojichora Velázquez mwenyewe, amesimama na brashi mkononi, akamsimamisha Picasso, na msalaba wa heshima uliokuwa kifuani pa mchoraji wa mfalme akaugeuza kuwa nyundo na mundu. Tangu hapo mtindo huu haukukoma, na leo hakuna mji mkubwa wa Ulaya au Marekani usio na maduka yenye kuuza chapa za picha za kale zilizovikwa mavazi mapya.

Kabla ya kutoa hukumu yoyote yatupasa kujua jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa hoja nyingi za watu dhidi yake hutokana na kudhani kwamba mtambo ndio unaochora na msanii hukaa tu akingojea fedha. Njia aliyoitumia Warhol tangu mwaka 1962 ni uchapaji wa wavu wa hariri. Kitambaa chembamba sana, ambacho zamani kilikuwa hariri kweli na siku hizi ni nailoni au poliesta, huwambwa juu ya kiunzi cha mbao au cha chuma kikakazwa sawasawa, kisha hupakwa dawa yenye tabia ya kuganda inapopigwa na mwanga. Picha iliyotiwa kwa weusi katika karatasi angavu hulazwa juu yake na taa kali huwashwa. Penye weusi mwanga haufiki, dawa hubaki laini na huoshwa ikatoka, na kwingineko kote dawa huwa ngumu ikaziba matundu. Hapo kiunzi hulazwa juu ya karatasi, wino mzito hutiwa upande mmoja na kusukumwa kwa ubapa wa mpira mpaka upande wa pili, ukipenya palipo wazi kama tui lipenyavyo kifumbu. Kila rangi shurti iwe na kiunzi chake, na kila karatasi shurti irejeshwe pale pale ilipokuwa mara ya kwanza, ama sivyo rangi ya mdomo itaangukia shavuni. Warhol aliipenda ajali hii akaifanya sehemu ya usemi wake; lakini Venus alichapwa kwa mkono wa Rupert Jasen Smith, mchapaji mahiri wa New York, ambaye rangi haikuwa ikimtoka mahali pake ila kwa kutaka. Vijana wanaochapa fulana za kampeni, za timu za mpira na za misiba katika vichochoro vya Kariakoo na River Road wanaifahamu kazi hii kwa vidole vyao, na lau wangeonyeshwa chumba alimochapwa Venus wasingeona humo kifaa kingi kigeni kwao, isipokuwa labda usafi.

Tuhuma ya kwanza juu ya chapa hizi ni kwamba ni wizi. Picha ilikwisha kubuniwa na mwingine, mwingine aliumia mgongo na macho kwa ajili yake, kisha anakuja mtu baada ya miaka 500 anapitisha wino juu yake na kutia sahihi. Tuhuma hii yaelekea kuwa na nguvu mpaka tuulize hao mabwana wa zamani wenyewe walipata wapi picha zao. Botticelli alimsimamisha Venus katika mkao wa sanamu za marumaru za Kiyunani na Kirumi, mkono mmoja ukifunika kifua na mwingine ukiwa chini ya tumbo, na habari ya mungu huyo akitoka baharini ilikuwa imekwisha kuchorwa zamani za kale na Apelles, mchoraji wa Iskandari Mkuu, katika picha iliyopotea ambayo watu wa Florence waliijua kwa kusoma tu. Basi picha ile tunayoiita ya asili ilikuwa yenyewe ni tafsiri ya kazi ambayo mwenye kuitafsiri hakuwahi kuiona.

Na kuna silsila nyingine iliyo wazi zaidi, ambayo mimi naiona kuwa jawabu kamili la wale wanaodhani kwamba uchapaji ni mgeni aliyeingia katika nyumba ya uchoraji bila kubisha hodi. Mnamo miaka ya 1510 hivi Raphael, mchoraji wa mapapa, alibuni taswira ya hukumu ya Paris, mwana wa mfalme wa Troy, aliyetakiwa kuamua ni yupi aliye mzuri kupita wote miongoni mwa miungu watatu wa kike. Mchoro wa Raphael haupo tena. Kilichobaki ni chapa iliyochongwa katika sahani ya shaba na Marcantonio Raimondi, fundi aliyekuwa akishirikiana naye mjini Rumi, na chapa hiyo ilisafiri, ikanunuliwa, ikawekwa katika majalada ya wachoraji wa nchi nyingi. Katika pembe yake ya kulia, chini, mbali na fitina ile ya uzuri, wameketi watu watatu wa mito na chemchemi, wawili wanaume na mmoja mwanamke aliyegeuza uso kumtazama mtazamaji. Katika mwaka 1863 Édouard Manet aliwatoa watatu hao katika pembe yao, akawaketisha katika msitu wa Ufaransa, akawavisha wanaume makoti ya Paris na kumwacha mwanamke uchi kama alivyokuwa, akaiita picha hiyo Chakula cha Mchana Juu ya Nyasi. Picha ilikataliwa katika maonyesho makuu ya mwaka huo, ikatundikwa katika maonyesho ya waliokataliwa, na watu walikwenda kuicheka. Leo haiwezekani kuandika tarehe ya uchoraji wa kisasa bila ya kuitaja.

Miaka 101 baadaye, Mfaransa mwingine, Alain Jacquet, aliwaketisha rafiki zake kando ya bwawa la kuogelea katika mkao ule ule wa watu wa Raimondi na wa Manet, wakapigwa picha ya kamera. Miongoni mwao alikuwamo Pierre Restany, mhakiki wa sanaa aliyekuwa na sauti kubwa katika Paris ya siku zile. Picha hiyo Jacquet aliikuza mpaka yale matone madogo ya rangi, ambayo kwayo kila picha ya gazeti huundwa na ambayo jicho la kawaida haliyaoni, yakawa makubwa na dhahiri, kisha akaichapa kwa wavu juu ya turubai katika nakala nyingi. Ukiisogelea huoni mtu wala bwawa ila mvua ya madoa. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, wale watatu wa Raphael wanarudi kuketi mahali pao, mmoja akiwa amenyosha mkono vile vile kama alivyounyosha katika sahani ya shaba karne nne na nusu kabla yake. Sasa na aulizwe mtuhumu: kati ya Raphael, Raimondi, Manet na Jacquet, mwizi ni yupi? Ukimwondoa Raimondi, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili, mnyororo wote unakatika, maana Manet asingekuwa na kitu cha kuchukua.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, wahakiki wengi hulipita wakikimbilia kusifu au kulaani. Wasanii wa popu hawakuichora upya picha ya kale. Walichokichora ni nakala yake: ile picha ya kitabuni, ya kadi ya posta, ya kifuniko cha bati la biskuti, ambayo kwa watu wengi mno wa dunia ndiyo picha yenyewe. Hata jina alilolipa Warhol jalada lile la mwaka 1984 lashuhudia hivyo, kwa kuwa aliziita vipande vya picha za Zama za Mwamko, kama wachapishaji wa vitabu vya sanaa waandikavyo chini ya picha wanapoonyesha sehemu tu ya kazi kubwa. Yeye hakudai kwamba alikaa mbele ya Botticelli. Alidai kwamba alikaa mbele ya ukurasa.

Mfano ulio mashuhuri kuliko wote ni Mona Lisa. Picha hii ilikuwa ikiheshimiwa na wajuzi kwa muda mrefu, lakini umma wa mataifa yote uliifahamu kwa kuibwa kwake, tarehe 21 Agosti 1911, Vincenzo Peruggia, fundi wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi katika jumba la Louvre, alipoitoa ukutani akaondoka nayo. Kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka ilipopatikana Florence Desemba 1913, picha haikuwapo, lakini sura yake ilikuwa katika magazeti ya kila nchi, na watu walikwenda Louvre kutazama mahali palipokuwa wazi. Nakala ilikuwa imeipita asili kwa umaarufu. Mwaka 1919 Marcel Duchamp alinunua kadi ya posta yenye sura hiyo akaitia masharubu na ndevu kwa kalamu ya risasi. Wengi walikasirika kana kwamba ameuchafua uso wa bibi yule, ilhali alichokichafua ni kipande cha karatasi cha bei ya chini, na bibi alikuwa salama Paris. Kisha serikali ya Ufaransa iliipeleka picha ya asili Marekani, ikaonyeshwa mwanzoni mwa mwaka 1963 Washington na New York, watu zaidi ya milioni moja na nusu wakajipanga kupita mbele yake, kila mmoja akipata nafasi ya kuitupia jicho kabla ya kusukumwa mbele. Mwaka huo huo Warhol aliichapa sura ya Mona Lisa mara 30 katika turubai moja, kwa weusi, nyingine zikiwa zimekolea na nyingine zimefifia, akaipa jina lisemalo kwamba thelathini ni bora kuliko moja. Ni dhihaka, naam. Lakini ni dhihaka iliyopima mambo sawasawa kuliko hotuba zilizotolewa ilipopokewa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuyaelewa haya upesi kuliko watu wa Paris. Katika sebule za Wakristo wengi, kutoka Mombasa hadi Bukoba na mpaka Bukavu, hutundikwa Karamu ya Mwisho, yenye fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu au imechapwa juu ya kalenda, na mitume kumi na wawili wameketi upande mmoja wa meza kama alivyowaketisha Leonardo. Wenye nyumba hawamtaji Leonardo, wala hawana haja. Picha ya asili ilichorwa baina ya mwaka 1495 na 1498 katika ukuta wa ukumbi wa kulia wa watawa wa Santa Maria delle Grazie mjini Milano, na kwa sababu mchoraji hakutaka kuharakishwa na chokaa mbichi, akapaka juu ya ukuta mkavu kwa njia ya kujaribu, rangi ilianza kubanduka katika uhai wake mwenyewe. Ulimwengu haukuijua kwa ukuta ule. Uliijua kwa chapa, hasa ile iliyochongwa na Raphael Morghen na kutolewa mwaka 1800, na kwa chapa za chapa hiyo, na kwa picha za rangi zilizofuatia, mpaka ikafika katika masoko yetu.

Kwa njia hiyo hiyo ilimfikia Warhol. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, mwana wa wahamiaji maskini waliotoka katika milima ya Carpathia, akakulia katika kanisa la Kikatoliki la ibada ya Mashariki, ambamo nyuso za watakatifu zimepangwa safu juu ya safu katika ukuta ulio mbele ya madhabahu, zote zikimtazama mtu kwa macho yale yale. Na mtu aliyekwenda kanisani hivyo tangu utotoni hatuwezi kushangaa kwamba alipokuwa mkubwa alipanga nyuso kwa safu. Mfanyabiashara wa sanaa Alexander Iolas alipomwomba afanye kazi juu ya Karamu ya Mwisho ili ionyeshwe Milano katika jengo lililo ng'ambo ya barabara kutoka ukuta wa Leonardo, Warhol hakuchukua kipimo katika ukuta huo, ambao wakati ule ulikuwa katika matengenezo yaliyodumu kuanzia mwaka 1978 hadi 1999. Alichukua nakala za bei rahisi, za namna ile ile ya sebuleni kwetu. Katika turubai moja aliichapa karamu mara 60, nyeusi kwa nyeupe. Katika nyingine aliwachora Yesu na mitume kwa mistari, akapandisha juu yao alama ya sabuni ya Dove, ambayo ni njiwa, alama ya kampuni ya taa za umeme, na bei ya senti 59. Msomaji mcha Mungu atauona upuuzi. Mimi, ingawa sina hakika kwamba bei ile ilihitajiwa, naona kwamba njiwa na taa viliwekwa na mtu aliyejua Roho Mtakatifu huchorwa kwa sura gani na nuru huwa na maana gani katika Injili, na kwamba alikuwa akiuliza kwa ukweli kama mambo matakatifu yanaweza kuishi katika karatasi ya kufungia bidhaa. Maonyesho yalifunguliwa Januari 1987. Warhol alifariki tarehe 22 Februari mwaka huo huo, baada ya kupasuliwa kibofu cha nyongo.

Roy Lichtenstein alikuwa na tabia nyingine, ya ubaridi na hesabu. Monet, baina ya mwaka 1892 na 1894, alichora mbele ya kanisa kuu la Rouen turubai zaidi ya 30, asubuhi, adhuhuri na jioni, akiwania kuushika mwanga ambao ulikuwa ukimkimbia kila dakika. Mwaka 1969 Lichtenstein alikwenda katika karakana ya uchapaji ya Gemini G.E.L. mjini Los Angeles akalichapa kanisa lile lile kwa matone ya duara yaliyopangwa kama ya magazeti ya katuni, akibadilisha rangi tu kutoka karatasi moja hadi nyingine: njano, kisha buluu, kisha nyekundu, mpaka weusi. Saa za Monet zimekuwa madebe ya wino. Ni mzaha mkavu, na wenye elimu ndani yake, kwa maana hata Monet alikuwa akitengeneza mfululizo, na hata madoa yake ya rangi huwa kanisa pale tu mtazamaji anaporudi nyuma.

Si kila chapa ya siku hizi yastahili maneno haya. Vermeer alichora takriban mwaka 1665 msichana mwenye hereni ya lulu, aliyeko sasa katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague, na maskini binti huyo ametendwa mambo yasiyo na kadiri: amepulizishwa ubani wa kutafuna, amevikwa vidude vya muziki masikioni, ameshikishwa simu, na ulipoingia ugonjwa wa mwaka 2020 akavikwa barakoa. Mtu hucheka mara moja, na kicheko kikiisha hakuna kilichobaki cha kutazama, kwa kuwa aliyeifanya hakumtazama Vermeer hata kidogo. Alitaka uso ambao kila mnunuzi ataufahamu. Pima na kazi ya Awol Erizku, mzaliwa wa Ethiopia aliyelelewa New York, ambaye mwaka 2009 alimpiga picha msichana mweusi katika mkao na mavazi ya yule wa Vermeer, ila badala ya lulu akamtia hereni kubwa ya mwanzi, ya namna wanayoivaa wasichana wa mitaani kwake. Ni picha ya kamera wala si chapa ya wavu, lakini naitaja kwa sababu mabadiliko yake ni madogo kuliko ya ubani na simu, na hata hivyo baada ya kuiona mtu humrudia msichana wa Uholanzi akijiuliza ni nani waliopata kukaa mbele ya wachoraji wakubwa na ni nani hawakuitwa. Hiki ndicho kipimo ninachokishika: chapa njema humrudisha mtu kwenye picha ya kale akiwa na swali ambalo hakuwa nalo.

Kompyuta imeirahisisha kazi, na kwa hiyo imeongeza takataka, lakini haikuanza jana. Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilimpa Warhol mashine yake mpya ya Amiga, naye akamchezea tena Venus wa Botticelli kwa kipanya, akamtia jicho la tatu katikati ya uso. Kazi hiyo ilizikwa katika visahani vya kuhifadhia kumbukumbu mpaka mwaka 2014, wanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon walipofaulu kuisoma. Si kazi kubwa. Yafurahisha tu kuona kwamba mtu yule yule, alipopewa chombo ambacho hakukijua, alimtafuta tena mwanamke yule yule.

Tukija kwenye sheria, mgogoro ni wa zamani kama uchapaji. Giorgio Vasari asimulia kwamba Albrecht Dürer wa Nuremberg alikwenda kulalamika mbele ya wakubwa wa Venice juu ya huyo huyo Marcantonio Raimondi, aliyekuwa akinakili chapa zake pamoja na alama ya jina lake, na kwamba hukumu aliyoipata ni kuwa alama iondolewe, lakini picha hazikukatazwa. Wachoraji waliokufa karne nyingi zilizopita hawana tena haki ya kumiliki itakayomzuia mtu, na ndiyo sababu mojawapo isiyotajwa sana ya wingi wa chapa hizi: Botticelli hadai fedha. Hata hivyo mwaka 2022 jumba la Uffizi lilitangaza kuishitaki kampuni ya mbunifu wa mavazi wa Kifaransa, Jean Paul Gaultier, kwa kumtia Venus katika nguo bila ya idhini, likitegemea sheria ya Italia ya mwaka 2004 inayotaka ruhusa na malipo kwa biashara itumiayo sura za mali za urithi wa taifa.

Mambo ni mazito zaidi pale mwenye picha alipo hai. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa mahakimu saba dhidi ya wawili, ilimpa haki Lynn Goldsmith, mpiga picha ambaye picha yake ya mwimbaji Prince ya mwaka 1981 ilitumiwa na Warhol kutengenezea chapa. Moja ya chapa hizo ilikodishwa kwa jarida mwaka 2016 kwa dola 10,000, naye Goldsmith hakupata kitu. Mahakama ilisema kwamba kuipa picha maana mpya hakutoshi kuwa udhuru wakati matumizi ni yale yale ya kuuzia jarida. Hakimu Elena Kagan, aliyepinga, aliandika mfululizo wa hoja akitaja jinsi Titian alivyomchukua Venus wa Giorgione, na Manet alivyomchukua wa Titian. Mimi nakubaliana na Kagan juu ya historia na nakubaliana na wenzake juu ya mama yule: Titian hakumnyang'anya Giorgione ujira wa mwezi.

Basi msomaji atakayetaka kununua chapa ya namna hii, awe Nairobi, Dubai au London, atazame kwanza ukingo wa chini wa karatasi. Chapa yenye toleo maalumu huwa na tarakimu mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa mfano 25/70, maana yake ni nakala ya 25 katika 70 zilizochapwa, na sahihi ya msanii kando yake. Nakala chache alizojiwekea msanii mwenyewe huandikwa herufi badala ya hesabu. Aulize ni nani aliyechapa, kwa njia gani, juu ya karatasi gani, na kama viunzi vimekwisha kufutwa. Aipitishe karatasi mwangani kwa mshazari, kwa kuwa wino uliopita katika wavu huwa na unene ambao jicho huuona, ilhali wino wa mashine ya ofisini hulala bapa. Na ikiwa muuzaji atasema kwamba nakala hazina idadi na kwamba nyingine zaweza kutolewa hata kesho, msomaji asimgombeze, maana huenda picha ikawa nzuri. Alipe tu bei ya bango, asilipe zaidi.